Nyumba na Karakana ya Mstaafu, Moshi na Arusha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nistaafu ualimu wa ufundi seremala na kuhamishia benchi langu nyuma ya nyumba, hapa Moshi, haipiti Jumamosi bila mtu kusimama mlangoni, kuvuta harufu ya msaiprasi, halafu kuanza kuuliza jinsi ya kujenga nyumba na karakana ya kustaafia. Wengi wana miaka hamsini na kitu, bado wako kazini, wameshaanza kuhesabu miaka iliyobaki. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika. Mifano yangu mingi ni ya mbao kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini mchomeleaji, fundi cherehani au anayetengeneza mafriji atapata yake humuhumu. Bei sijaweka. Nimeweka vipimo, maana vipimo havipandi.

## Ya mwanzo

1. Mwalimu, nianze lini?

Anza mshahara ukiwa bado unaingia. Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na kwa lazima akifika 60, kwa hiyo siku yenyewe unaijua miaka mingi kabla. Kiwanja kipatikane ukiwa kwenye arobaini na kitu, karakana isimame kabla hujafika 55, na nyumba ipande polepole kwa kadiri ya mfuko.

Mkupuo wa mafao uukute umebakiza madirisha na rangi. Ukiungoja ndiyo uchimbe msingi, utafika siku moja na harusi ya binti, ada ya kitinda mimba, na shemeji mwenye wazo zuri sana la biashara ya bodaboda. Nimewaona waliotoka na boma la vyumba vitano lisilo na paa, na mkupuo umekwisha.

2. Nianze na nyumba au karakana?

Karakana. Hapa ndipo watu wanapobishana nami, na sijabadilisha jibu.

Karakana ni chumba kimoja kikubwa, choo, na stoo. Inajengwa haraka, haidai dari wala vigae. Ikishasimama inatunza simenti yako isinyeshewe, inatunza vifaa visiibiwe, na mafundi wa nyumba wanapata kivuli. Fremu zote za milango ya nyumba yangu, kenchi zote (fremu za mbao za paa) na fishabodi (mbao za ukingo wa paa) zilitoka ndani ya karakana ileile. Nililipia mbao, ufundi sikulipia. Ukiwa mchomeleaji, grili na geti ni zako.

Jambo la pili ni kwamba unajijaribu. Kuna mtu anayependa useremala kwa sababu ameufanya wikendi nne kwa mwaka. Akikaa karakanani miezi sita mfululizo anagundua alichopenda kilikuwa kutoka ofisini. Heri agundue hivyo kwenye jengo la chumba kimoja.

Mama watoto hakufurahi. Tuliishi kwenye stoo ya karakana miezi 14, tukipikia nje. Lakini katika miezi hiyo aliona jua la jioni linapopiga, maji ya mvua yanapotuama na mbwa wa jirani anapopitia, na ramani ya nyumba aliibadilisha mara mbili kabla hatujachimba. Jiko alilolichagua ndilo chumba chenye ubaridi kuliko vyote.

3. Karakana iwe na ukubwa gani?

Kwa seremala mmoja na msaidizi, mita 6 kwa 9 zinatosha. Kinachoamua urefu ni ubao, mashine ni ndogo tu. Ubao wa futi 12 ni karibu mita 3.7. Ukiupitisha kwenye randa ya mashine unahitaji nafasi hiyo mbele na nafasi hiyo tena nyuma, yaani zaidi ya mita 7 bila kuhesabu mashine yenyewe. Mimi niliweka randa ikitazama ukuta, nikajikuta natoboa tundu ukutani ili ubao utokee nje. Jirani bado ananitania. Ipange mashine itazame mlango, ubao mrefu utokee uani.

Kimo kiwe mita 3.2 au zaidi, ili kabati refu lisimame na ubao ugeuzwe bila kugonga taa. Mlango mkubwa uwe na upana wa mita 3, kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) iweze kurudi nyuma hadi ndani wakati wa mvua. Fundi cherehani au wa redio atatosheka na mita 4 kwa 5, lakini mlango aupanue hivyohivyo, kwa sababu iliyo kwenye swali la 25.

4. Karakana itanilisha?

Itakulipia umeme, mboga, na nauli ya kwenda kumwona mjukuu. Pensheni ndiyo ikulishe. Ukiipangia karakana kulisha nyumba nzima utachukua kila kazi inayokuja na kufanya kazi kama kijana wa miaka thelathini, na mgongo hautakubali.

## Kiwanja na makaratasi

5. Kiwanja kiwe kikubwa kiasi gani?

Robo eka, yaani takriban mita za mraba 1,000, ndiyo saizi yenye raha. Chini ya mita za mraba 600 inawezekana, ila karakana na nyumba zitagusana (tazama swali la 10). La muhimu kuliko eneo ni upana wa upande wa barabara. Kiwanja chembamba kama mkanda kinalazimisha gari la mbao kupita chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Waliobanwa na bei mjini Moshi wanaelekea Boma Ng'ombe na Himo. Wa Arusha wanaangalia Kisongo, Ngaramtoni au Usa River. Uliza kwanza umbali wa hospitali. Ukiwa na miaka 50 swali hilo ni la kipuuzi, ukifika 70 ndilo unaloanza nalo.

6. Niangalie nini kabla ya kulipa?

Karatasi ya serikali ya mtaa yenye mihuri mitatu ni ushahidi kwamba mmeuziana. Haikuambii kama muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi uone jina la mmiliki na kama kimewekwa rehani benki. Kama hakijapimwa, kaa na majirani wa pande zote nne, kila mmoja akuonyeshe mpaka kwa kidole chake.

Pima umbali kutoka barabara kuu, usije ukaamka na alama nyekundu ya X ya kubomolewa ukutani. Mtoni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na mito inayoshuka Kilimanjaro na Meru ni mingi kuliko madalali wanavyokiri. Kisha rudi kiwanjani mwezi wa nne, masika ikiwa imekolea. Dalali anayekuhimiza ulipe kiangazi ana sababu zake.

7. Kiwanja ni cha makazi. Naruhusiwa kuweka karakana?

Soma matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Kikiwa "makazi na biashara" umepona nusu ya safari. Kikiwa "makazi" peke yake, benchi la kujifurahisha halitakuletea mtu, lakini karakana ya kuuza kazi inahitaji uombe mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwa halmashauri. Ombi linatangazwa ili mwenye pingamizi aseme, kwa hiyo zungumza na majirani kabla ya tangazo.

Kuna wanaochora karakana kwenye ramani na kuiandika "stoo" ili kibali kitoke upesi. Usifanye hivyo. Siku ya ajali au ya malalamiko, ramani yako mwenyewe itakushuhudia vibaya.

8. Kibali, leseni, kodi: vingapi?

Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri: Jiji, Manispaa au wilaya, kulingana na ulipo. Ramani ichorwe na mtu aliyesajiliwa, kwa kuwa ile ya kunakili simuni haitapita. Ukianza kuuza kazi unahitaji namba ya mlipakodi kutoka TRA (mamlaka ya mapato), ambayo hutolewa bure, na leseni ya biashara. Ukiajiri hata vijana wawili, mahali pa kazi panapaswa kusajiliwa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini). SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Moshi na Arusha; kawaulize kuhusu mashine na mafunzo kabla hujauziwa mashine chakavu mtaani.

9. Hati iandikwe jina la nani?

Yangu ina majina mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Lakini kuandika yote mawili tangu mwanzo kunampunguzia anayebaki safari za mahakamani. Wosia nao unaweza kuuhifadhi RITA (wakala wa usajili, ufilisi na udhamini), ambako hakuna ndugu atakayeuokota kabatini.

## Kupanga kiwanja

10. Karakana ikae wapi, na naweza kuweka vyote chini ya paa moja?

Kwanza upepo. Huku kwetu kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka upande wa mashariki, kusini mashariki katikati ya mwaka na kaskazini mashariki mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo karakana kwa kawaida hukaa magharibi ya nyumba ili vumbi liende zake. Lakini milima ina upepo wake: mchana hewa hupanda mteremko, usiku hushuka. Usitegemee ramani. Simama kiwanjani saa nane mchana, choma konzi moja ya majani makavu, uone moshi unakwenda wapi. Rudia jioni. Rudia Julai.

Kisha acha nafasi. Mita 6 hadi 8 kati ya majengo mawili ndizo zinazotenganisha moto, kelele na ugomvi. Katikati weka baraza lililoezekwa, ili mvua isikuzuie na upate mahali pa kukung'utia nguo kabla ya kuingia ndani. Baraza hilo ndipo wateja wanapokaa, na ndipo ninapokunywa chai ya saa nne.

Paa moja inawezekana kwenye kiwanja kidogo, kwa masharti. Ukuta wa kati upande hadi kwenye bati, usiishie kwenye dari, maana moto na vumbi husafiri juu ya dari kama panya. Kusiwe na mlango unaotoka karakana moja kwa moja kwenda sebuleni au chumbani. Upande unaogusana na karakana uwe wa stoo, bafu na jiko, vyumba vya kulala vikae ng'ambo. Kwa mchomeleaji au mpaka rangi, siishauri paa moja hata kidogo.

11. Madirisha yatazame wapi?

Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, jua linapita karibu utosini. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na paa litokeze sentimita 80 hivi. Magharibi weka ukuta mtupu au choo. Moshi mjini iko chini kuliko Arusha na ina joto zaidi, kwa hiyo matundu ya juu ya hewa usiyazibe. Arusha, yenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, Julai itakufanya utamani dirisha la mashariki la kuotea jua.

## Kujenga

12. Msingi uende chini kiasi gani?

Mpaka udongo mgumu, na udongo haulingani hata katika kata moja. Kwenye miteremko ya mlima, udongo mwekundu wa volkano unashika vizuri. Tambarare za chini ya Moshi, kuelekea Mabogini na Chekereni kwenye mpunga, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mkono unaingia. Huo unaondolewa na kujazwa moramu (kifusi cha changarawe) iliyoshindiliwa, au unajengewa msingi uliosukwa nondo kwa ushauri wa mhandisi. Tofali ukizipanga moja kwa moja juu yake, baada ya mwaka ukuta una ufa wa ngazi.

Kabla ya jamvi (zege la chini ya sakafu), piga dawa ya mchwa. Mchwa wa huku hawajui kwamba mbao ni zako.

13. Lazima nifunge mkanda wa zege juu ya madirisha?

Lazima. Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la kipimo cha karibu 6, kutoka maeneo ya Ziwa Natron, lilitikisa Arusha na likasikika hadi Nairobi. Tunakaa pembeni ya Bonde la Ufa. Mkanda wenye nondo nne za milimita 12 ukizunguka jengo lote bila kukatika unashika kuta zisifunguke pembeni. Karakana inauhitaji kuliko nyumba, maana kuta zake ni ndefu na hazina za kuzigawa katikati.

14. Tofali ngapi, zege gani, sakafu gani?

Tofali za saruji za nchi sita zinaingia karibu 10 kwa mita moja ya mraba ya ukuta. Ongeza chache za kuvunjika. Zege la sakafu ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unene wa sentimita 10, na 15 pale mashine nzito itakapokaa. Limwagilie maji siku 7, na usifunge mashine kwa bolti kabla ya siku 28. Fundi atakwambia wiki moja inatosha. Yeye ana kazi nyingine Jumatatu.

Niru laini (ganda la saruji la juu ya sakafu) inapendeza na kufagilika, lakini mguu mkavu juu ya vumbi la mbao huteleza kama ndizi. Acha sakafu ya karakana na ukwaru kidogo. Na mbele ya benchi weka jukwaa la mbao. Kusimama juu ya zege saa sita ndiko kulikonifundisha jina la mfupa wa goti.

15. Bati na mbao za paa?

Geji 28 ni nene kuliko 30. Namba ikipungua unene unaongezeka, na wengi wanakosea hapo. Karakana isiyo na dari inapiga kelele mvua ikinyesha kiasi cha kutosikia simu, jambo ambalo mimi nalihesabu faida. Changanya bati chache za mwanga upande wa kusini.

Kenchi za msaiprasi au paina ziwe zimepigwa dawa. Mgrivelia tulionao mashambani unafaa kwa samani ukikaushwa kwa subira: nchi moja ya unene, mwaka mmoja kivulini, mbao zikitenganishwa kwa vijiti. Kukata mti, hata ulioupanda mwenyewe, pitia kwanza ofisi ya misitu ya wilaya.

16. Fundi nimlipe vipi asinikimbie?

Kwa hatua iliyokamilika: msingi, boma hadi linta (zege la juu ya madirisha), kupaua, plasta. Asilimia ndogo mkononi mwako hadi mwisho. Vifaa nunua mwenyewe, na nondo zihesabiwe zikishuka garini na zihesabiwe tena zikifungwa. Na mwulize jengo moja alilojenga miaka mitano iliyopita, uende ukalione bila yeye. Fundi maiko (fundi wa kubahatisha) ana picha nyingi za jana, za miaka mitano hana.

## Umeme na maji

17. Nahitaji umeme wa thrii fezi (wa nyaya tatu za moto)?

Kwa drili, grainda na cherehani, hapana. Kwa mota kuanzia nguvu farasi 3, ndiyo. Mota ya nguvu farasi 3 ni karibu kilowati 2.2. Kwenye umeme wa kawaida inavuta ampea 15 hivi, na inapowaka huruka mara tano hadi saba ya hapo kwa sekunde chache. Ndipo taa za nyumba zinakonyeza na jirani anakuja. Kwenye thrii fezi mota hiyohiyo inavuta ampea 5 kila waya.

Omba TANESCO mapema, maana nguzo ikiwa mbali ndiyo gharama yenyewe. Hata usipovuta sasa, laza bomba la waya ardhini kati ya nyumba na karakana kabla hujamwaga zege. Kila jengo lipate athi yake na brika ya kukata umeme unapovuja, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni.

18. Mita ya umeme iwe moja au mbili?

Mbili. Utajua karakana inakula nini, na siku ukipangisha hakuna mjadala. Angalizo moja: kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021, kwa hiyo ukiwa na mita mbili kwenye kiwanja kimoja, hakiki usikatwe mara mbili, na toa taarifa mapema.

19. Maji ya bomba au kisima?

Mjini ni mamlaka za maji, MUWSA kwa Moshi na AUWSA kwa Arusha. Kisima kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao hapa Moshi.

Lakini kabla ya kuchimba, hasa upande wa Meru, pima floridi. Miamba ya volkano inaitoa kwa wingi. Waliokulia Maji ya Chai wanaitambua kwenye meno yao ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa kuwa maji yanapungua na floridi inabaki. Wewe meno yako yameshakomaa. Wasiwasi ni mifupa yako na meno ya wajukuu wanaokuja likizo.

Ndiyo maana karakana ni baraka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 2,000, toa kama moja ya tano ya kupotea. Weka gata, tangi la lita 5,000 na kifaa cha kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi. Tumia hayo kunywa na kupikia baada ya kuyachuja na kuyachemsha, ya kisima yafanye kazi nyingine.

## Mwili unaozeeka

20. Nijenge ghorofa ili nipate nafasi?

Hapana.

21. Basi nyumba ya mzee iwe na nini?

Isiwe na ngazi. Mimi niliweka tatu mbele ya mlango kwa ajili ya urembo, na baada ya goti nilizivunja kwa nyundo yangu mwenyewe. Weka mteremko: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele. Milango iwe na upana wa sentimita 90 ukiwemo wa choo, maana kiti cha magurudumu hakigongi hodi. Choo cha kukaa, kuta zake zijengwe imara upande wa kushikia hata kama vyuma utavifunga baadaye. Chumba kimoja cha ziada chenye mlango wa nje kwa atakayekuuguza.

Karakanani, benchi moja liwe la kukalia. Swichi ya kuzima mashine iwe kubwa, nyekundu, na ifikike kwa paja. Ongeza taa kuliko unavyodhani. Jicho la miaka 65 linahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko la miaka 25, na msumeno haujui umri wako.

22. Vumbi, kelele na moto?

Vumbi la mbao liliwekwa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tumia ya kuchuja, na fagia baada ya kumwagia maji kidogo. Masikio yazibe kelele zikipita desibeli 85, na randa ya mashine inapita kwa mbali.

Thina na vanishi zikae kibanda cha nje chenye matundu. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke, usiyafinyange pembeni: yanajipasha moto yenyewe na kuwaka usiku, hakuna aliyewasha kiberiti. Uchomeleaji na useremala visikae chumba kimoja. Weka kizimamoto mlangoni, mahali unapokimbilia. Ukikiweka ndani kabisa utalazimika kupita motoni kukifuata.

## Mambo ya pembeni

23. Nina sehemu ya kihamba (shamba la ukoo mlimani). Si nijenge huko bure?

Bure yake ina wenyewe. Kihamba kina makaburi, kina migomba ya bibi, na kwa desturi ya Wachagga nyumba ya baba humwangukia mwana wa kiume wa mwisho. Kabla ya tofali moja, ukoo ukae, mipaka ipimwe kwa hatua mbele ya mashahidi, muhtasari uandikwe na kusainiwa, dada zako wakiwemo. Ardhi ikiwa ya kijiji, omba hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999.

Halafu fikiria gari. Nimeona karakana nzuri kule juu ambayo masika nzima kabati hutoka kwa mabega ya vijana sita, matope hadi magotini. Wengi wanafanya hivi: nyumba ya Krismasi kihambani, makazi na karakana tambarare.

24. Niko Dar es Salaam (au nje ya nchi). Nitasimamia vipi?

Usimtume ndugu peke yake. Simsemi vibaya, lakini ukimdai risiti umevunja undugu, usipomdai umevunja nyumba. Mlipe mtaalamu aje kukagua kwenye hatua nne: chini ya msingi, nondo za mkanda, kenchi, na nyaya kabla ya plasta. Picha uzitake zenye futi ya kupimia ndani yake. Na likizo yako moja iangukie siku ya kumwaga jamvi.

25. Nikichoka kazi, au nikiondoka mimi kwanza, karakana itakuwa nini?

Ndiyo maana mlango ni mpana, mita za umeme ni mbili, na choo cha karakana kina njia yake. Mita 6 kwa 9 zenye linta zilizopangwa vizuri hugawanywa kuwa nyumba ya vyumba viwili ya kupangisha, au duka, au darasa la chekechea. Linta za madirisha ya baadaye niliziweka tangu mwanzo, chini yake nikajaza tofali kwa udongo tu, ili atakayebaki azisukume tofali hizo bila kubomoa ukuta.

Mashine ziandike kwenye daftari: jina, mwaka ulionunua, ulilipa nini, na nani anaweza kuinunua. Mjane asiyejua bei ya randa ya mashine atauziwa maneno na mtu wa kwanza atakayefika na rambirambi. Daftari langu liko kwenye droo ya juu ya benchi, kushoto, na mama watoto ameshalisoma. Amesahihisha bei mbili.